Piano Nyuma ya Duka la Mapazia

Kitambaa cha pazia kikiwa kipya, kabla hakijaonja maji, kina harufu yake. Ni harufu ya wanga na vumbi, pamoja na kitu kama mafuta ya cherehani, na mtu akikichana kwa mikono harufu hiyo inakurukia puani ghafla. Juzi niliingia duka moja kutafuta pazia la chumba cha mwanangu. Muuzaji akashika kitambaa, akakichana kwa nguvu kutoka upande mmoja hadi mwingine, nami nikajikuta natafuta mahali pa kukaa.

"Madam, uko sawa?" akaniuliza.

Nikamwambia niko sawa. Ningemwelezaje kwamba vidole vyangu vilikuwa vimeanza kutembea vyenyewe juu ya meza yake, do, mi, so, do, na kwamba mimi sikuwa tena pale dukani? Nilikuwa Kisumu, mtoto wa shule ya msingi mwenye miguu isiyojua kutulia, nyuma ya duka la Mama Njeri.

Tulikaa Obunga. Mama yangu alikuwa akikaanga mgongo wazi, yale mabaki ya samaki, kichwa na mifupa, ambayo viwanda huyatupa nje baada ya kutoa minofu. Wale wa rika langu waliokulia pale wanajua kwamba mgongo wazi ukikaangwa vizuri, mfupa wenyewe unatafunika. Baba aliendesha malori ya kwenda Busia na kurudi, akija anakuta nimelala na akiondoka ananiacha nimelala. Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa mimi, Mama, moshi, na miguu yangu.

Naitaja miguu kama mtu wa nne kwa sababu ndivyo ilivyohesabiwa. Nikikaa ilipiga teke meza. Nikilala ilimpiga teke Mama, maana tulilala kitanda kimoja. Shuleni mwalimu alichoka kuniambia nitulie akanipa kazi ya kusimama nyuma ya darasa, na hata hapo nilipiga ukuta kwa kisigino mpaka rangi ikabanduka. Mama aliitwa shuleni zaidi ya mara moja. Kila akirudi aliniangalia kwa muda mrefu, kisha akasema, "Adhis, wewe ni kama mtu amekalia siafu."

Mama Njeri alikuwa mteja wa Mama. Duka lake lilikuwa kwenye barabara ya kushukia soko la Kibuye, duka jembamba na refu, mbele mapazia yakining'inia mpaka chini, katikati cherehani, na nyuma kabisa chumba kidogo alichokiita stoo. Kwao ni upande wa Nyeri. Alikuja Kisumu akiwa bado msichana, amemfuata mumewe aliyekuwa fundi wa magari. Mume akafa, naye akabaki, akamsomesha binti yake Njeri kwa mapazia mpaka akapata kazi Nakuru. Alikuwa amejifunza kula kichwa cha samaki mpaka macho, akinyonya kila mfupa, na Mama alikuwa akimtazama kwa kuridhika na kusema, "Huyu ni Mjaluo alipotea njia tu."

Siku moja tulimpelekea samaki, na wao wawili wakiongea mbele, mimi miguu yangu ikanipeleka nyuma. Katikati ya marobota ya vitambaa kulikuwa na kitu kirefu kilichofunikwa kwa kitambaa cheupe cha kufuma. Nikainua kitambaa. Nikainua na mfuniko. Nikaona meno, meupe na meusi, mengine ya manjano kama ya mtu anayevuta sigara, nikayabonyeza yote niliyoweza kwa mikono miwili.

Mama alikuja mbio. "Nyathini! Wewe mtoto! Na hiyo mikono yako ya samaki!"

"Mwache," alisema Mama Njeri nyuma yake. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anatazama vidole vyangu. "Kuna maji na sabuni hapo nje. Nawa, halafu urudi uguse tena."

"Atakuvunjia hiyo kitu, Mama Njeri. Huyu hawezi kaa. Hata shule imemshindwa."

"Hii kitu ilibebwa na mkokoteni kutoka Milimani mpaka hapa, ikilia kwa kila shimo. Haivunjiki. Mlete akitoka shule, tuone kama hawezi kaa."

Piano ile ilikuwa imeachwa na familia moja ya Kihindi iliyohamia Kanada. Mama Njeri alikuwa amewashonea mapazia kwa miaka mingi, na walipokuwa wakifunga mizigo hakuna mtu mwingine aliyeitaka. Yeye aliitaka. Alikuwa amejifunza kupiga akiwa shule ya wasichana ya misheni huko kwao, akapiga kanisani mpaka alipoolewa, kisha akakaa miaka bila kugusa. Mimi ndiye nilikuwa mwanafunzi wake wa kwanza na nafikiri wa pekee.

Siku ya kwanza alinikalisha juu ya robota la kitambaa ili nifikie, akaniambia, "Leo tunaanza na kodi."

Moyo wangu uliingia baridi. Kwetu kodi ilikuwa neno la mwisho wa mwezi. Ilikuwa mwanamume mwenye kofia aliyebisha mlango kwa funguo, na Mama akiniwekea kidole mdomoni. Nikamwambia Mama Njeri kwamba mimi sina kitu, nimekuja kujifunza tu. Alinitazama bila kuelewa, kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

"Si hiyo kodi, mtoto wangu. Hii haidai mtu. Hii ni sauti tatu zinakaa nyumba moja." Akaweka mkono wangu. Kidole gumba kwenye do, cha kati kwenye mi, kidogo kwenye so. "Sasa wote waamke pamoja."

Nikabonyeza. Sijui niseme nini juu ya sauti ile. Nilikuwa nimezoea kelele nilizozipiga mimi, za kisigino na ukuta, kijiko na sufuria. Hii ilikuwa kelele iliyonyooka. Ilikwenda mahali ikafika. Nikaipiga tena na tena mpaka mteja wa mbele akauliza kama kuna mtu anabomoa ukuta.

Nilijifunza kodi ya do, ya fa na ya so, hizo tatu ambazo Mama Njeri alisema zinatosha kuimbisha kanisa zima. Shida ilikuwa kuhama. Kutoka do kwenda fa mimi nilinyanyua mkono wote na kuurusha, kama chura anayeruka mtaro, na mara nyingi nilitua pabaya. Nilipenda kuruka. Mkono ukiwa hewani miguu nayo ilipata nafasi ya kupiga teke ubao wa chini wa piano.

"Usiruke," aliniambia. "Angalia kwanza nani tayari yuko nyumbani. Kodi ya fa ni fa, la, do. Si do unayo tayari hapo kwa kidole gumba? Basi mwache akae. Sogeza hao wengine wawili kidogo tu."

Nikamwacha do akae. Vidole viwili vikasogea hatua fupi, na fa ikatoka, ileile, ila imekaa vingine, do ikiwa chini badala ya juu. Aliita hilo kugeuza. Akanionyesha kwamba hata do, mi, so yenyewe unaweza kuianzia mi, au ukaianzia so, ukapanda nayo piano nzima, na bado ni kodi ileile. Kwa mtoto kama mimi huo ulikuwa uchawi na pia adhabu. Uchawi kwa sababu mkono ulikwenda mbali bila kuruka. Adhabu kwa sababu ilibidi kidole kimoja kitulie wakati wengine wanahama, na sikuwa na kidole hata kimoja kilichojua kutulia.

Baadaye akanifundisha kuivunja kodi, kuzipiga sauti moja baada ya nyingine badala ya zote pamoja. Arpejio, alisema, na nililipenda neno hilo hata kabla ya kulijua. Do, mi, so, halafu kidole gumba kinapita chini ya vingine kwa siri na kukamata do ya juu, safari inaendelea. Hapo ndipo nilipopata mahali pangu. Arpejio ilikuwa kukimbia kunakoruhusiwa. Nilikimbia nayo juu na chini, nikiharakisha kila mara, kidole gumba kikijikwaa, nami sijali.

"Polepole, Adhis! Unakimbizwa na nani?"

Tulikuwa tumefika wakati ambapo jibu la swali hilo lilikuwa mji mzima. Uchaguzi ulikuwa unakaribia. Magari yenye vipaza sauti yalianza kupita asubuhi, yakarudi mchana, vijana wakining'inia nyuma na firimbi mdomoni. Pikipiki zilipita kwa makundi zikipiga honi kwa mdundo mmoja, nami nikiwa kwenye piano nilijaribu kuufuata mdundo huo kwa mkono wa kushoto. Niliona ni raha. Kwa mara ya kwanza mji wote ulikuwa kama mimi, hakuna aliyeweza kukaa, na hakuna aliyeadhibiwa.

Ila Mama Njeri alibadilika. Alianza kunisahau katikati ya somo. Pikipiki zikipita alisimama, akaenda kuchungulia kati ya mapazia ya mbele, akarudi, akauliza tulikuwa wapi. Chai yake ilipoa kikombeni. Alishona pazia la mteja akalishona kinyume, upande mzuri ndani, akalifumua, akalishona kinyume tena. Siku moja nilikuwa nakimbiza arpejio kwa nguvu zangu zote, nikakosea pale pale ninapokosea kila siku, naye akaufunga mfuniko wa piano nusura abane vidole vyangu.

"Tosha," alisema. "Kichwa kinaniuma."

Hakuwa amewahi kunifungia mfuniko. Nilikaa pale juu ya robota nikiangalia ubao.

Jioni hiyo Mama alikuja kunichukua. Nilikuwa navaa viatu kule stoo, nao wakawa wanaongea mbele kwa sauti ya chini, Kiswahili chao cha sokoni ambacho ndicho lugha pekee waliyokuwa nayo pamoja.

"Imenishinda, Mama Adhis," alisema Mama Njeri. "Hii kutotulia imenishinda. Moyo unadunda mchana kutwa. Wacha niende kwanza kwetu."

"Kwa muda gani?"

"Sijui. Mpaka kutulie."

Hivyo ndivyo alivyosema, najua sasa: mpaka kutulie. Lakini mimi nilikuwa nimeinama, kiatu kimoja mkononi, mapazia mazito yakiwa katikati yetu, na nilichokisikia kilikuwa: mpaka atulie. Sikuona sababu ya kuuliza ni nani. Katika maisha yangu yote hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameambiwa atulie. Moyo wake ulikuwa unadunda kwa sababu ya arpejio zangu. Kichwa kilikuwa kinamuuma kwa sababu ya miguu yangu kwenye ubao. Shule ilinishindwa, sasa na Mama Njeri amenishindwa, na yeye hakunisimamisha nyuma ya darasa, anahama mji.

Alipita Obunga siku aliyoondoka, begi moja mkononi, akampa Mama ufunguo wa duka. Mimi nilijificha nyuma ya karai. Niliogopa akiniona nitasogea.

Siku chache baadaye Mama akanipeleka Asembo Bay kwa Dani, yaani nyanya yangu, mzaa Baba. Aliniambia ni likizo. Yeye mwenyewe akarudi mjini.

Dani alikaa karibu sana na ziwa, akinunua omena, wale dagaa wa ziwa, kwa wavuvi na kuianika kwenye nyavu zilizotandazwa chini. Alfajiri ilinuka samaki mbichi na mchana ilinuka samaki mkavu. Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu, kwa hiyo maneno yake yote nayaleta hapa kutoka Kijaluo. Miaka mingine nilipofika kwake nilikuwa sionekani mpaka wakati wa kula. Mwaka huo nilishuka na begi langu, nikaenda moja kwa moja chini ya ukingo wa paa, nikakaa kwenye kigoda, nikaweka mikono chini ya mapaja na kuikalia.

Nilikuwa nimepanga. Nitatulia. Nitatulia kabisa, na habari zitamfikia Mama Njeri kwa njia ambayo habari za watoto huwafikia watu wazima, maana siku zote zilikuwa zinafika, na atarudi.

Nani aliyewahi kusema kutulia ni kupumzika? Sijafanya kazi ngumu kama ile tangu hapo. Watoto wa jirani waliniita twende majini, nikakataa kwa kichwa. Kuku walipita juu ya miguu yangu. Inzi alikaa kwenye goti nikamwacha atembee mpaka amalize. Ndani yangu kila kitu kilikuwa kinapiga mbio. Vidole chini ya mapaja vilijaribu kupanda, do, mi, so, nami nikavikandamiza mpaka vikafa ganzi. Jioni Dani alimpigia jirani kelele mpaka akazima redio yake, kisha akaja kusimama mbele yangu.

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi."

"Umegombana na mama yako?"

"Hapana."

Alinipa uji wenye ndimu. Siku iliyofuata alinipa dawa ya majani chungu iliyonifanya nitapike, nikatapika nikiwa nimetulia. Nilimsikia akimwambia jirani kwamba mtoto wa mwanawe amerudishwa nusu, kwamba huko mjini kuna kitu kimemtisha, na jirani akamjibu kwamba sasa hivi nani hajatishwa.

Mgongo wa Dani ulikuwa mbovu kwa miaka ya kuinamia omena. Mchana mmoja alijilaza kifudifudi kwenye mkeka, akavuta blauzi juu, akaniita.

"Kama umeamua kuwa jiwe, angalau uwe jiwe la kunikanda. Njoo."

Sikuweza kukataa. Nikapiga magoti kando yake, nikaweka mkono wa kulia kwenye kiuno chake, nikakandamiza. Sijui ilitokeaje. Nadhani vidole vilikuwa vimekaa na njaa siku nyingi. Gumba, cha kati, kidogo: wote wakaamka pamoja.

"Aa!" alisema Dani. "Hapo. Fanya tena."

Nikafanya tena. Kisha nikamwacha gumba akae, nikasogeza hao wawili.

"Hiyo ni nini?"

"Kodi."

"Kodi ya nani?"

"Ya fa. Lakini nimeigeuza."

"Geuza vile unataka, ila usitoe mkono."

Nikaanza kupanda. Niligeuza kodi ya do kutoka kiunoni mpaka chini ya mabega, mi ikiwa chini, so ikiwa chini, na Dani akiguna kila nilipotua. Halafu nikaivunja. Arpejio yangu ilipanda uti wa mgongo wa Dani mbavu kwa mbavu, gumba likipita chini bila kujikwaa kwa mara ya kwanza, kwa sababu mgongo wa bibi mzee huwezi kuukimbiza, ukiukimbiza anapiga kelele. Nilikwenda polepole. Nilifika shingoni, nikateremka. Sikuwa nasikia chochote isipokuwa pumzi yake, na bado nilisikia kila sauti.

Kisha nikakumbuka kwamba sipaswi kusogea, nikaanza kulia.

Dani aligeuka akakaa. Nilimweleza yote kwa fujo, kwamba nilimchosha Mama Njeri, kwamba moyo wake unadunda kwa sababu yangu, kwamba alisema hatarudi mpaka nitulie na sasa nimeharibu. Alinisikiliza huku akivaa blauzi yake vizuri. Hakucheka. Ng'ambo ya ua redio ya jirani ilikuwa imewashwa tena, mtu akizungumza kwa haraka bila kuvuta pumzi.

"Unamsikia huyo?" aliniuliza. "Na wale anaowaambia? Nchi nzima imesimama haiwezi kukaa. Hiyo yote ni miguu yako?"

Akanifuta pua kwa kiganja chake.

"Na kama miguu yako inafukuza watu mpaka Nyeri, mbona mama yako hajakimbia? Yeye ndiye unalala naye kitanda kimoja."

Hilo nililielewa. Lilikuwa na ukweli fulani. Lakini mtoto akishajipa hatia haiachii kirahisi, ni yake, ameizoea. Nilikubali kumkanda Dani kila mchana, na nikikanda nilipiga nilichotaka. Nikimaliza nilirudi kwenye kigoda na kuikalia mikono, isije ikawa Dani alikuwa amekosea.

Shule zilipofunguliwa Baba alinipitia na lori. Hakunipeleka nyumbani. Alinishusha kwenye barabara ya Kibuye, mbele ya duka la Mama Njeri, na pale kwenye veranda, mbele ya mlango wa chuma uliofungwa, nikamkuta Mama na jiko lake, karai lake, na mapande ya samaki yakichuja mafuta kwenye gazeti. Juu ya kichwa chake alikuwa ametundika pazia moja la maua, limejaa moshi.

"Hili ni duka lako sasa?" nilimuuliza.

"Wewe. Salimia watu kwanza."

Alinieleza akiwa anageuza samaki, vipande vipande, kati ya mteja na mteja. Baada ya Mama Njeri kuondoka, watu walianza kuonyesha duka kwa kidole wakipita, wakisema mwenyewe ni wa Nyeri, kwa wapinzani wetu wa uchaguzi. Mama aliona hivyo mara moja tu, kesho yake akahamisha jiko kutoka Obunga. Akafungua stoo kwa nyuma, akatoa pazia moja akalitundika nje ili ionekane kuna mtu. Ile siku mbaya baada ya kura, ambayo mimi nilikuwa nimekalia mikono yangu huko Asembo, vijana walikuja wengi.

"Wakaniuliza, mama, hii duka ni ya nani? Nikawaambia, mnaona nini? Hii jiko ni yangu. Hii mafuta ni yangu, na imechemka. Nani anataka kujua ingine?"

"Wakasema nini?"

"Mmoja alikuwa mtoto wa Min Ochieng', yule jirani wa nyuma yetu. Nimemlisha tangu akiwa na kamasi. Akaangalia chini. Wengine wakauliza kama samaki imeiva." Aligonga mwiko kwenye ukingo wa karai. "Wakakula, wakaenda."

"Uliogopa?"

"Niliogopa mpaka nikasahau chumvi. Na hakuna hata mmoja alisema samaki haina chumvi."

Alicheka, lakini mkono wenye mwiko haukuwa umetulia, nami nikautazama mkono ule kwa mshangao. Nilikuwa sijawahi kuona kwamba Mama pia ana viungo visivyomsikia.

Ndipo nikamuuliza lile nililobeba. Kama Mama Njeri aliondoka kwa sababu yangu. Akaniangalia, akatoa karai motoni, akafuta mikono kwa leso, akatoa kile kisimu chake cha tochi na kupiga. Sauti ya Mama Njeri ilipotoka, nyembamba na ya mbali, Mama akanipa bila kusema neno.

"Mama Njeri," nikasema, "nimetulia sasa. Unaweza kurudi."

"Umesema nini?"

"Ulisema mpaka nitulie. Nimetulia. Nimekaa kwa Dani likizo yote bila kusonga. Nilisonga tu kumkanda mgongo."

 Mama Njeri akasema, polepole, "Adhis, mimi nilisema *kutulie*. Huko. Mji. Si wewe. Mimi niliogopa watu wakubwa, mtoto wangu. Wewe ndiye ulinifanya nikachelewa kuondoka."

Nikasikia anapenga kamasi. Halafu akauliza kwa sauti yake ya stoo, "Mkono wa kushoto umefanya mazoezi?"

"Hapana. Dani anaumwa upande wa kulia."

Alirudi mvua zilipoanza. Kila kitambaa dukani kilinuka mgongo wazi, na kwa muda mrefu wateja walinunua mapazia yaliyofanya sebule zao zinuke chakula cha mchana. Mama alirudisha jiko Obunga. Tulifikiri basi, yamekwisha. Lakini Mama Njeri hakufungua mbele. Aliingia kwa mlango wa nyuma asubuhi, akashona oda za watu aliowajua, akaondoka kwa mlango wa nyuma jioni. Kama kuna mtu aligonga mlango wa chuma, alizima cherehani na kungoja aende. Mama alimwambia, "Fungua, Mama Njeri, watu wanakuuliza." Alijibu, "Kesho." Wiki ikapita, na nyingine.

Mimi nilirudi kwenye robota langu la kitambaa. Somo la siku moja nalikumbuka kuliko yote. Nilikuwa na kodi tatu za kugeuza kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto uzivunje chini yake, kitu ambacho sikuwa nimewahi kufika mwisho wake. Nikaanza. Pikipiki ikapita, Mama Njeri akasimama. Akakaa. Mtu akapiga kelele nje akimwita mwenzake, akasimama tena. Safari hii hakukaa. Alitembea kutoka piano mpaka kwenye cherehani, kutoka cherehani mpaka piano, akisugua viganja kwenye gauni.

"Mama Njeri," nilisema bila kuacha kupiga, "njoo ukae."

"Ninakusikia. Endelea."

"Mkono wa kushoto hausikiki ukiwa huko."

Akaja. Akakaa kando yangu ukingoni mwa robota, goti lake likigusa langu.  Nilipiga polepole, kwa mwendo wa mgongo wa Dani, kwa sababu huo ndio mwendo pekee niliokuwa nao ambao haukujikwaa. Do ikakaa, wengine wakasogea. So ikakaa, wengine wakashuka. Pikipiki ikapita na sikuifuata. Nyingine ikapita. Nilifika mwisho, na kwa kuwa hakuniambia niache, nikaanza tena.

Sijui ni mara ngapi nilizunguka kabla hajainuka. Sikugeuka. Nilisikia viatu vyake vikipita cherehani bila kusimama, vikaenda mpaka mbele, kisha mlio wa kufuli, kisha mlango wa chuma ukipanda kwa kelele iliyofunika piano yote, na mwanga ukaja mpaka nyuma nilipo, ukaangukia vidole vyangu. Nikaendelea kupiga. Muda mfupi baadaye, mwanamke mmoja aliyekuwa anapita alisimama mlangoni akauliza kwa sauti kubwa kama wako na lile pazia la kijani, la dirisha la jikoni.

"Iko," Mama Njeri akamjibu. "Ingia ndani uangalie."